Ndama Aliyekula Data ya Hillary

Bwanangu Hillary akipenda kitu, hata umpigie tarumbeta sikioni hasikii. Majira yote ya baridi alikuwa amependa framework. Hata mimi, Shiro, mtunza wazee wa hapa Thamesmead ughaibuni, nililazimishwa kuelewa: framework ni kiunzi cha website kilicho tayari, wewe unakijazia nyama, na ukurasa unajipanga wenyewe, uwe umeshika simu ndogo au umekaa mbele ya kompyuta. Yake ilikuwa mpya kabisa, picha zikiingia kwa madaha kama bibi harusi.

Kazini, wanakotengeneza website ya maktaba, Minal naye alikuwa na yake. Minal anaishi Southall, upande wa pili wa jiji, ila ni mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kinashinda changu. Framework yake ilikuwa ya zamani, nyepesi, haina madoido. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hivyo siwalaumu. Lakini bosi alitaka jibu Jumatatu, na ambaye yake ingechaguliwa ndiye angeongoza kazi yote. Hillary alikitaka hicho cheo mpaka akawa anakihubiri usingizini.

"Si tuwaulize wasomaji?" Minal akasema.

Hillary akacheka. "Njoo kanisani kwetu Jumapili, wakati wa chai. Utalia."

Alikuja, tena na sufuria ya bhajia. Tukawaomba watu watoe simu, kila mmoja aagize kitabu, kwanza kwenye ukurasa wa majaribio wa Hillary, kisha wa Minal. Ukumbi tunaokodi hauna wifi, na wee, tulikuwa tumesahau jambo moja: Jumapili asubuhi sote huwapigia jamaa zetu nyumbani simu za video. Kufikia saa ya chai, data imebaki makombo, na mtandao unatambaa.

Ya Hillary, na zile picha zake nzito, ikazunguka. Ikazunguka tu. Mama Lydia wa kwaya akamaliza kikombe, akaongeza kingine. Alipojaribu ya Minal, ikafunguka papo hapo, akaagiza kitabu cha mapishi.

"Hii inajua shida zetu," akasema.

"Simu zenu ndizo mbovu!" Hillary akatoa yake, ya bei kali. Nayo ikazunguka. Nilimwonea huruma, haki, kwa sababu nilijua: asubuhi mama yake alikuwa zizini kule Kinangop, akimwonyesha kwa video ndama mpya kutoka kwato hadi mkia, mpaka tukachelewa ibada.

"Baba Njenga," nikamwambia Hillary, kwa jina la mwanetu, "data yako imeliwa na ndama."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Yeye alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

"Minal, kesho tupeleke yako," akasema. "Mimi mwenyewe ningekosa kitabu."

Na kweli wakaipeleka. Jumatatu jioni aliingia mnyonge, nikamwongezea nyama kwenye sahani. Akampigia mama yake, akamsimulia yote: chai, data iliyoliwa na ndama, cheo kilivyokwenda kwa Minal. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Pole, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Na vile nilikuwa namtafutia huyu ndama jina! Sasa ataitwa Minal."