Majibu ya Dutumi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kanda alituketisha wadadisi wapya kwenye ukumbi wa kukodi pale Mkuza, akampa kila mmoja dodoso, yaani karatasi ya maswali ya kura ya maoni. "Lisome swali kama lilivyoandikwa," alituambia. "Ukiongeza neno lako, umeshamjibia mtu." Jirani yangu alikuwa Tumaini, binti wa Kisarawe. Tulipojaribishwa mbele ya wenzetu, mimi nilisoma bila kukwama. Yeye alikwama mara mbili, lakini mwenzetu aliyehojiwa naye alimjibu kwa mapana, kama anazungumza na ndugu yake. Nikaanza kumwonea kijicho siku hiyohiyo.

Kazi yetu ilikuwa ya miguu. Unaanzia ulipopangiwa, unaruka idadi ya nyumba uliyopewa, unabisha hodi kwenye kaya iliyokuangukia. Huchagui nyumba yenye kivuli wala mtu mwenye sura ya upole. Nilifuata yote hayo. Mtaani Kwa Mathias, wenye maduka walinijibu huku wakipima sukari, na nilipowauliza watampigia nani kura waliniambia, "Andika tu huyo anayesemwa." Nikaandika. Jioni Msimamizi alinyanyua dodoso la Tumaini. "Someni hili. Hapa mtu amezungumza." Langu alilirudisha kwenye rundo.

Ukafika uchaguzi uliotutoa jasho. Wagombea wawili wa ubunge walikuwa wanakabana, na waliotutuma walitaka kujua nani yuko mbele. Mimi nilipewa mjini na vijiji kadhaa, Tumaini akapewa kijiji cha Dutumi na vijiji jirani. Kwangu aliongoza mgombea mwenye misafara mikubwa. Kwake aliongoza yule mwingine, tena kwa mbali.

Nilimfuata Msimamizi ofisini. "Mzee, Tumaini anapika dodoso." Kupika ndilo kosa kubwa kuliko yote kwetu: kujaza majibu ya watu ambao hukuwauliza.

"Una ushahidi, Mama Neema?"

"Haiwezekani watu wamwambie yeye mambo ambayo mimi siambiwi."

Tumaini akasimamishwa kazi, na mimi nikatumwa Dutumi kufanya marudio, yaani kuwauliza tena watu walewale. Nakiri, nilikwenda nikiwa na furaha.

Kaya ya kwanza nilimkuta Bi Zuhura uani, anamenya mihogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama alihojiwa.

"Nilihojiwa na binti mmoja. Aliuliza, halafu akanyamaza. Mimi nafikiri, yeye amenyamaza tu. Mwishowe nikamwambia la moyoni."

"Hukumwogopa, bibi?"

"Nimwogope kwa lipi? Labda nikuogope wewe, umeshaandika kabla sijafungua mdomo."

Akanipa jibu lilelile alilompa Tumaini. Nyumba ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Kufika adhuhuri nilikuwa nimekaa kando ya njia, karatasi mapajani, peke yangu. Kuhamisha alama moja kwenye kila karatasi kungetosha, na Tumaini asingerudi kazini. Nilifungua kalamu. Nilikaa nayo muda mrefu, kisha nikaifunga. Haukuwa wema. Nilimwonea aibu Bi Zuhura, basi.

Kura zilipohesabiwa, Dutumi walikuwa wamemwambia Tumaini kweli. Alirudishwa, na baadaye akawa yeye Msimamizi wa Kanda. Mpaka nastaafu, maeneo yangu ya kazi niliyapokea kutoka mkononi mwake.

Siku hizi ninyi wadadisi vijana mnabeba vishkwambi vinavyoonyesha mlisimama wapi na kwa dakika ngapi. Kupika kumekuwa kugumu. Kumsubiri mtu afikiri bado ni juu yenu, na mimi hilo sikuliweza kamwe.

Siku yangu ya mwisho kazini, tulipobaki wawili na birika la chai, nilimwambia Tumaini, "Aliyekusema ule wakati wa Dutumi ni mimi."

"Najua, dada. Nilijua wiki ileile."

"Mbona hukuniondoa ulipopata cheo?"

"Niliyaona marudio yako. Uliandika walichosema." Akanimiminia chai.

Wengine wangefarijika. Mimi nilirudi nyumbani kijicho kimezidi. Miaka yote hiyo alikuwa na siri yangu mkononi, na kila asubuhi alinisalimia vizuri. Ningekuwa mimi, nisingeweza.