Ofisi Ilimpigia Simu Bibi Hedwiga Tukiwa Tumefunga

Alhamisi, 14 Agosti 2025. Asubuhi ile upepo wa Same ulisukuma vumbi mpaka ndani ya ofisi yetu ya kununua tangawizi, na mlima Shengena haukuonekana kwa ukungu.

Sijamaliza kufuta meza, Bibi Hedwiga akaingia. Ameshuka kutoka Miamba na basi la kwanza.

"Shikamoo, bibi."

Akavuta kiti bila kuitikia. Huku kwetu, mzee akikunyima marahaba, jua umekwisha.

"Fortunata, tangawizi yangu iko wapi?"

"Bibi, si gari linaifuata kesho huko huko Miamba?"

"Usinichezee! Juzi jioni ofisi imenipigia. Eti gari bovu, nishushe magunia mpaka kijiji cha Kisiwani, huko bondeni. Jana nimeshusha, wamepakia, wameondoka. Leo dereva wenu ananiambia hajui kitu!"

Akanionyesha simu yake. Namba ilikuwa yetu kabisa.

Juzi jioni ofisi ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa darasani.

Mzee Tumainieli, bosi wetu, akatoka chumbani kwake.

"Funguo za ofisi anazo nani?"

"Mimi, mzee."

"Basi Jumapili baada ya ibada utasimama Miamba, uwaeleze wakulima. Ukishindwa, Jumatatu usije."

Siku nzima sikutulia. Simu ikilia, nashtuka. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nilichoweza ni kuomba tu: Bwana, wewe unajua sikupiga.

Jioni nikaenda darasani. Nasoma kompyuta na vijana wanaoniita mama mkubwa. Nikamweleza Mwalimu Nassoro yote.

Akauliza, "Bosi akiwa safarini, anawapigiaje wakulima?"

"Anapiga ofisini, anabonyeza namba ya siri, mashine ya simu inamuunganisha. Mkulima anaona namba ya ofisi. Wakulima wetu hawapokei namba ngeni."

"Mlango ndio huo, mama. Mtu yeyote mwenye namba hiyo ya siri anaingia akiwa popote, na anaonekana ni ofisi. Nani anaijua?"

"Bosi peke yake. Hata mimi hajawahi kuniambia."

Yasmini, mchokozi wa darasa, akadakia, "Mama mkubwa, kesi imeisha! Mwizi ni bosi!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba Mungu anizuie kumhukumu mzee wa watu.

Nikapiga namba ya ofisi, niusikie tu huo mlango. Mashine ikapokea, kwa sauti ya Mzee Tumainieli:

"Bwana asifiwe. Umepiga ofisi ya tangawizi, Same. Wimbo wetu wa kuanzia siku ni namba mia mbili na kumi, ubeti wa nne. Tafadhali subiri."

Nimeusikia ujumbe ule miaka yote. Siku hiyo ndiyo nikausikiliza.

Kesho yake nikamfuata bosi kabla hajakaa.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Namba yako ya siri ni mbili, moja, sifuri, nne?"

Miwani ikamponyoka.

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe, mzee: wimbo wa mia mbili na kumi, ubeti wa nne. Unamwambia kila anayepiga."

Alikaa akishika kichwa. Kisha akasema taratibu, "Mwite mwalimu wako."

Mwalimu Nassoro akaja, akauziba kabisa ule mlango wa kuingilia kutoka nje, akabadilisha namba zote za siri na kufuta ule ujumbe. Kwenye mashine akakuta namba ngeni iliyoingia Jumanne ile jioni. Tukaipeleka polisi.

Ndugu msomaji, kama biashara yako ina mashine ya simu, uliza leo: kuna mtu anaweza kuingia akiwa nje? Kama huuhitaji mlango huo, uzibe. Na kitu unachokipenda mpaka mtaa mzima unakijua, usikifanye namba ya siri.

Jumapili, nje ya kanisa Miamba, Mzee Tumainieli alitangulia kusimama.

"Kosa ni langu, si la Fortunata. Hasara ya bibi ni ya ofisi."

Bibi Hedwiga hakutikisika. "Na nikipigiwa tena na namba ile ile?"

Nikasimama.

"Mbele za Mungu na mbele yenu wote, naahidi: ofisi haitahamisha tena kituo cha kupakia kwa simu. Likitokea la kuhamisha, nitapanda mwenyewe mpaka mlangoni kwako, bibi, nikupe shikamoo. Na usipoitikia marahaba, sitafungua mdomo."