Kurasa mbili za utangulizi, hoja sifuri: insha ya riwaya iliyotaka kunizika

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa nasoma na kutoka kimyakimya, ila leo naandika. Sijatia chumvi hata punje.

Niko kidato cha tatu, huku milimani Mbinga. Nikiulizwa swali darasani naangalia dawati kana kwamba jibu limechongwa hapo.

Mwezi wa tatu Madam wa Kiswahili alitupa swali: jadili jinsi mwandishi alivyomchora mama katika riwaya mliyosoma.

"Mliyosoma" lilikuwa neno la heshima tu. Nakala sita, darasa zima.

Lakini sisi tuna akili bwana. Shuleni kuna daftari la notisi tunalorithishana, lenye utangulizi unaofaa riwaya yoyote duniani. Maana ya fasihi, maana ya riwaya, maana ya maana. Nikajaza kurasa mbili, nikaongeza "mama ni mchapakazi", nikahitimisha kwa kishindo.

Nne kwa ishirini.

Madam akaniita mezani, akaniambia taratibu, "Binti, umenikaribisha sebuleni kurasa mbili nzima. Chakula kiko wapi?"

Kisha akatangaza: Jumatatu tunarudia, na atakayepata chini ya kumi atasoma insha yake mbele ya mikondo yote miwili. Kwa wengine hiyo ni adhabu. Kwangu ni mazishi.

Jumamosi tukaenda kuchimba ngolo. Kwa msiojua, ni mashimo yetu ya mteremkoni. Nyasi zilizofyekwa zinalazwa kwanza kwa mistari inayokatizana, zinatokea kama vyumba. Halafu unachimba katikati ya kila chumba, udongo unafunika nyasi, linakuwa tuta. Kaka analaza, mimi na mama tunachimba.

Mawazo yangu yako Jumatatu, nikaanza kuchimba sehemu ambayo kaka hajafika.

Mama akanitazama. "Na udongo huo unafunika nini?"



Kaka, ambaye hakuulizwa na alishaiona ile nne, akajibu, "Mwache, mama. Msomi huyo, yeye hapangi."

Nilinuna mpaka mstari wa tatu, ndipo nikaelewa. Nyasi ni hoja. Udongo ni ushahidi, unatoka ndani ya kitabu.

Jioni nikaazima nakala kwa jirani, nikaisoma yote. Ndiyo, inaruhusiwa. Yule "mchapakazi" wangu hashiki jembe kitabu kizima, kazi yake ni kumficha mumewe ukweli.

Nikapanga hoja nne, sentensi moja moja: ni mvumilivu, ni mwoga, ni mwongo, mwishoni ni jasiri. Chini ya kila hoja tukio na ukurasa wake. Utangulizi niliuandika mwisho, mistari minne.

Kumi na tano. Nikashusha pumzi.

Madam akasema amebadili mawazo, waliofeli hatawaaibisha. Atakayesoma mbele ni aliyeongoza, ili wengine wajifunze.

Mnajua nani aliongoza.

Nilisoma kwa sauti ya mbu, mkondo B wakiomba niongeze. Kufika hoja ya pili sauti ikapanda kidogo, maana nilikuwa nasema ninachokijua, si nilichokariri. Kidogo, lakini.

Funzo: soma kitabu, panga hoja, tafuta ushahidi, ndipo uandike. Ukifaulu sana, shauri yako.

Nyie mliomaliza shule, insha ya riwaya mlikuwa mnaianzia wapi? Karibuni, ila msinitanie sana, mimi ni mwoga kweli.