Mama Aliyepiga Wote, Hajapigwa na Yeyote

Enzi zetu pale Kajiado, filamu zilikuwa za aina mbili tu: iliyoko na iliyoisha. Ukipata iliyoko, unapiga. Dawa ya kuoshea picha ilikuwa moja, ya unga, kwenye pakiti, na hakuna mtu aliyeijadili kama mahari.

Mama yangu alikuwa na studio ya picha nyuma ya soko la mifugo. Chumba cha giza kilikuwa bafu letu. Siku ya soko hatukuoga, na sisi watoto hatukuwahi kulalamika. Mlangoni blanketi, ndani balbu nyekundu, na ile harufu ya siki iliyotufuata mpaka kwenye sukuma wiki. Jua lilichemsha kila kitu, na dawa ikipata moto, picha inatoka nyeusi kama sufuria ya harusi. Kwa hivyo Mama alifunga chupa kwa gunia bichi, akaiweka penye upepo, kisha akachovya kiwiko vile mtu hupima maji ya mtoto. Kiwiko hicho hakikuhitaji chaji.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Karatasi ikizama kwenye beseni, mimi nahesabu kwa sauti mpaka sitini, Mama anahesabu kimoyomoyo. Hesabu zisipokutana, mwenye kosa ni mimi. "Hesabu mara mbili," alikuwa akisema. "Uso wa mtu haurudishwi dukani." Hata leo muuza mayai wa Kitengela akiniona nikianza kuhesabu trei mara ya pili, anapumua kwanza.

Kitu tulichochagua ni karatasi: kali, inayotoa weusi na weupe tu, au laini, inayobakiza kijivu katikati. Kuna kokoo mmoja, bibi wa Kimaasai, alikuja na shanga nyeupe kifua kizima. Nikamchapishia kwenye karatasi kali. Shanga zikaelea gizani, uso hakuna. Akaigeuza picha juu chini, akamwambia Mama, "Shanga nazijua, nilizitunga mwenyewe. Mimi niko wapi?" Mama akarudia kwa laini, na masikio yangu yakalipa.

Nusu ya Kajiado ilikalia kigoda cha Mama cha kupigiwa picha. Yeye hakukikalia hata siku moja. Sasa mtoto wa jicho anamfunga macho, na ameomba kitu kimoja: picha yake, nyeusi na nyeupe, ya karatasi, aione kabla hajaacha kuona.

Mpwa wangu Leshan akajitolea. Yeye ni wa hawa vijana waliogundua filamu juzi, wakadhani sisi tulikuwa tunachora. "Shosho, nitakupiga ile ya kizamani kabisa!" akamwahidi bibi yake. Hiyo ni miezi minane. Kwake Kitengela, friji iko na filamu tano na nyanya moja. Dawa nne, karatasi aina saba. Nilihesabu mara mbili. Kwa kujaribu amepiga kiatu, kikombe cha kahawa na punda wa jirani.

"Na shosho yako?" nikamuuliza.

"Aunty, tulia. Ngozi ya Shosho inataka filamu ya taratibu, ile inayokunywa mwanga polepole, na dawa yake bado iko njiani."

"Hata macho yake yako njiani. Yanaenda."

Jumapili nikamvuta mpaka Kajiado, begi na yote. Mama alikuwa amefunga kitambaa cha kanisani. Akakalia kile kigoda, akageukia dirisha. Haoni vizuri, lakini mwanga bado anajua unakotoka. Akainua kidevu, akatulia, midomo ikicheza kidogo. Alikuwa anahesabu. Nami nikahesabu. Leshan alikuwa amepanga filamu zake mezani kama dada wa nguo za mtumba, anasoma kwenye simu watu wa mbali wanasemaje.

Tulifika sitini, Mama na mimi, kwa pamoja.

"Umepiga?" Mama akauliza.

"Bado, Shosho. Nachagua."

Mama akainuka, akapapasa meza, akachukua filamu ya kwanza iliyogusa mkono. Akaitia kwenye kamera ya Leshan kwa vidole tu, vile alivyofanya gizani miaka yote. Akanipa mimi. Akarudi kukaa.

"Aki Shosho, hiyo ni gani?" Leshan akaruka.

"Iliyoko," Mama akasema, akainua kidevu.