Mchoraji Aliyekataa Kuchana Kazi Yake Mbele ya Kamera

Saa kumi jioni, na fundi redio wa duka la chini bado anajaribu spika. Juu yake, katika chumba cha pili kutoka ngazini, mwanamke mwenye vidole vyeusi kwa wino anaifunga simu kwa mpira kwenye mguu wa stuli iliyopinduliwa. Stendi ya simu ilivunjika. Taa ya duara ameiazima kwa kinyozi, ambaye anaitaka kabla wateja wake wa jioni hawajajaa.

Nyuma ya pazia amelala mwanawe wa miezi minane. Ndiyo maana kila kitu humu ndani hufanywa kwa kunyata, hata hasira.

"Shangazi, tafadhali usianze kelele."

"Nani amepiga kelele? Hii ndiyo sauti yangu."

"Hiyo sauti yako ndiyo iliyomwamsha juzi."

Mtaani wanamwita Wino. Anachora hadithi za katuni, na kila Jumamosi huuza kurasa zake mubashara mtandaoni: anauonyesha ukurasa kwenye kamera, watazamaji wanapandisha bei kwa kuandika, na aliyetaja bei ya juu hutumiwa mchoro halisi ndani ya bahasha ngumu. Mnadi ni shangazi yake, mama aliyestaafu kuuza mitumba. Kwa sababu ya mtoto, ananadi kwa kunong'ona.

"Sogeeni, sogeeni, mtoto kalala," anaiambia simu, kidole mdomoni. "Ukurasa huu mzuri, tazameni hiyo mikunjo ya nguo. Nani anaongeza? Wewe mwenye picha ya paka, kila wiki uko hapa unaangalia tu. Hapa ni sinema?"

Mwenye picha ya paka anajibu kwa nyuso tatu zinazocheka. Haongezi kitu.

Ni kipindi kinachochekesha. Watu huongeza sauti za simu zao ili wamsikie bibi mmoja akiwagombeza kwa siri. Lakini kilizaliwa na hasira, na mwenye kipindi haifichi.

"Usiandike kwamba nimesamehe," Wino ananiambia huku akifuta meza. "Andika kwamba bado nawaka."

Miezi michache iliyopita alifanya kazi na mshereheshaji anayejiita Bwana Shangwe. Bwana huyo alikuwa na watazamaji, Wino alikuwa na michoro. Walikubaliana kugawana nusu kwa nusu, na akaunti ikaandikwa kwa jina la Bwana Shangwe.

Mauzo yalisuasua. "Akaniambia, dada, watu wanasinzia, tuwachangamshe. Akaleta honi. Akaleta nywele za bandia za kijani. Nilicheka, siwezi kusema uongo."

Kisha akaleta mchezo alioupa jina Nunua au Nachana. Mchoro uliokosa mnunuzi hadi saa ya kuhesabu iishe, alikuwa akiuchana mbele ya kamera.

"Alianza na rasimu zangu za penseli, vitu vya kutupa. Watazamaji wakafurika. Nikajiambia jamaa anaijua kazi yake." Wino anakitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Rasimu zikaisha."

Wakati huo alikuwa akichora kitabu chake cha kwanza, hadithi ya Fundi Tepu, mwanamke mshona nguo ambaye utepe wake wa kupimia hurefuka kila mteja anapodanganya. Kwa kurasa sita Fundi Tepu anameza matusi ya mtaa mzima. Kwenye ukurasa wa saba anafoka kwa mara ya kwanza maishani. Hadithi yote imesimama juu ya ukurasa huo.

"Niliuchora mtoto akiwa mgongoni, anasumbuliwa na homa. Wino haukuwa umekauka, ndiyo maana sikuwa nimeuskani. Niliuacha mezani ukauke, sikuuleta kuuzwa."

Bwana Shangwe aliuona, akaunyakua, akaanza kuhesabu kuelekea sifuri. Wino alimshika mkono. Mbele ya maelfu ya watu, mshereheshaji akaendelea kutabasamu na kusema kwa sauti ya chini, "Kasirika zaidi, dada. Wanakupenda ukikasirika."

Akauchana katikati. Kisha akavichana vipande.

Kilichobaki ni video. Nimeitazama. Ukurasa unaonekana kwa muda mfupi sana, umefunikwa na mvua ya mioyo ambayo watazamaji walikuwa wakiirusha kwa furaha. Kila ukiisimamisha, moyo mmoja mwekundu unakaa juu ya mdomo wa Fundi Tepu.

"Neno lake la kwanza la hasira silisomi," Wino anasema. "Mwanamke kanyamaza kurasa sita, na alipofungua mdomo wakamziba kwa moyo."

Nilimpigia simu Bwana Shangwe. Alikuwa mchangamfu. "Ile ni burudani, mama, usiitie uzito. Mgao wake nilikuwa nampa. Katuni ni karatasi, na mkono wa kuchora bado anao, si ndiyo?"

Ni kweli, mkono anao. Bwana Shangwe naye alibaki na akaunti na wafuasi wake elfu kumi na tisa. Wino akafungua akaunti nyingine, na wafuasi wake wa kwanza walikuwa shangazi, kinyozi na fundi redio.

Kinachomnyima usingizi sasa ni kitabu. Mchapishaji mmoja mdogo amekubali kukichapa endapo kurasa zote ishirini na nne zitamfikia kabla ya mwezi kuisha. Wino anazo ishirini na tatu.

"Mchapishaji anasema nirudie tu. Nirudie nini? Nimejaribu mpaka karatasi zikaniishia. Kila nikimchora, Fundi Tepu anatoka mpole. Anafoka kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Kipindi hiki kipya alikitunga kuwa kinyume cha kile. Kila Jumamosi huchora mchoro mmoja hapo hapo, watu wakitazama, na kukiacha kitupu kiputo kimoja cha maneno. Watazamaji huandika maneno ya kumpa mhusika, na yanayochekesha kuliko yote huingia kwa wino. "Nataka watu wacheke na kazi," anasema. "Sitaki wacheke kazi ikifa."

Leo wameanza na watazamaji wasiofika sabini. Shangazi ameshauza ukurasa mmoja na ameshika wa pili, pale ghafla namba ya watazamaji inapoanza kupanda. Mia mbili. Mia tano. Inakaribia elfu.

"Wametusikia!" shangazi ananong'ona, macho yanang'aa. Kisha anasogea karibu na kioo, anasoma, na uso unabadilika. "Chana. Chana. Chana. Hawa wana wazimu gani?"

Bwana Shangwe amewaleta wafuasi wake. "Salamu kwa dada yangu mwenye hasira!" ameandika mwenyewe. Chini yake mtu mwingine anaandika kwamba ukurasa ulio mkononi mwa shangazi anaununua kwa laki tatu, kwa sharti moja: uchanwe sasa hivi.

Laki tatu ni kodi ya miezi miwili ya chumba hiki. Namba inazidi kupanda. Mtu yule anaandika tena: "Nikilipa ni mali yangu. Tatizo lako nini?"

Shangazi anasahau kunong'ona.

"Nimeuza mitumba maisha yangu yote!" Sauti inatoka kama spika ya chini imehamia juu. "Nimeuza gauni lenye tundu! Nimeuza koti la mkono mmoja! Sijawahi kuchana nguo ili mjinga acheke! Toka dukani kwangu! Toka, na laki zako!"

Nyuma ya pazia mtoto anaamka na kulia, na kilio chake kinaingia kwenye simu karibu elfu moja.

Wino anamchukua, anambusu utosini, anamkabidhi shangazi. Kisha anaigeukia kamera. "Haya, mmeniamshia mtoto. Sasa kaeni hapo hapo, msiondoke."

Anavuta karatasi safi. Hashiki penseli. Anachora kwa wino moja kwa moja, jambo ambalo baadaye anakiri hulikataza hata kwa wanaojifunza kwake. Kinatokea kibanda cha mshona nguo. Linatokea jibaba lenye mikono mikubwa kuliko kichwa, linachana gauni, na umati nyuma yake unapiga makofi. Halafu anatokea Fundi Tepu, mdomo wazi umekula theluthi ya fremu, utepe wa kupimia unaruka kama mjeledi kumzunguka yule mchanaji.

Leo haombi chumvi.

Neno la kwanza la Fundi Tepu analiandika mwenyewe, herufi nene: "BASI!" Kiputo cha yule mchanaji anakiacha kitupu. "Semeni," anawaambia. "Huyu bwana anasemaje?"

Shangazi, mtoto begani, anasoma yanayoingia. "Hilo tusi, mtoto anasikia. Hilo halichekeshi. Hilo tusi tena, na tahajia mbaya juu." Linalofuata analisoma kimoyomoyo, bega linaanza kutikisika, na mtoto anatikisika nalo.

"Nani?" Wino anauliza.

"Paka."

Mwenye picha ya paka, ambaye hajawahi kununua hata kona ya karatasi, ameandika: "Nisipochana, wataniambia nishone."

Wino anacheka mpaka anaiweka kalamu chini. Kisha anaiokota na kuyaandika maneno yale ndani ya kiputo, herufi kwa herufi. Kelele za kuchana hazikomi mara moja, ila zinapungua. Waliokuja kuona kitu kikichanwa wanaondoka. Wengine, mia mbili na ushee, wanabaki. Bwana Shangwe haandiki tena.

Ukurasa wa pili unapata mnunuzi wa kawaida kwa bei ya kawaida. Watu sita wanaulizia mchoro mpya.

"Huu hauuzwi," Wino anasema.

"Hauuzwi!" Shangazi anafoka, sasa kwa kunong'ona. "Tumefungua duka au makumbusho?"

"Huu ndio ukurasa wa saba, Shangazi."

Bibi anautazama mchoro, anamtazama binti wa kaka yake, na kuendelea kumbembeleza mtoto.

Simu ikizimwa, Wino haondoki mezani. Anaupepea ukurasa kwa mfuniko wa sufuria, mgongo ukielekea mlangoni. Ukikauka anauskani mara mbili na kumtumia mchapishaji kabla hata ya kunywa maji. Kinyozi amesimama kizingitini akidai taa yake. Atasubiri.

Alimwandikia Paka kumwomba jina ili aliweke kwenye shukrani. Jibu likaja: "Andika Paka tu."

Nakala za kwanza zitakuwa mia tano, nazo zitauzwa hapa hapa, Jumamosi, kwa sauti ya chini. Moja ameshaitengea mtu.

"Ya kwanza nampelekea Bwana Shangwe," Wino anasema, akichomoa waya wa taa. "Aichane akitaka, mbele ya watu wake wote. Zitakuwa zimebaki mia nne tisini na tisa."