Namba Iliyofunikwa kwa Bati

Natunza stoo ya karakana ya malori, na haya nayaandika nikiwa na hasira. Fundi wetu wa kuchomelea, tuliyembandika jina la Cheche, amekula moshi wa pale miaka ishirini na sita. Mashati yake yote yana matundu kifuani. Mkewe husema kumtilia viraka kumemzeesha kuliko kuzaa.

Jumatatu ilifika barua ya kiwanda: trela za toleo fulani zirudishwe. Mabano yanayoshika springi yanaingia ufa, na yakikatika ekseli inachomoka gari likiwa mwendoni. Chini palikuwa na orodha ya namba za fremu. Msimamizi akazunguka na tochi, akapata trela mbili, akaziegesha pembeni. Bosi akashukuru Mungu kwamba ni mbili tu.

Zilikuwa tatu. Miaka sita iliyopita trela moja ililetwa ikiwa haina leseni ya barabara, na nyingine kuukuu iliyoungua ilikuwa nayo. Kwa amri ya bosi, Cheche alifunika namba iliyogongwa kwenye fremu kwa kipande cha bati, akapiga rangi, akabandika juu yake kibati cha namba cha ile iliyoungua. Kazi ya nusu saa. Leo dereva anayeivuta trela hiyo ni mkwe wa Cheche, mume wa binti yake wa pekee.

Cheche alimfuata bosi siku hiyohiyo. Akajibiwa kwamba namba ya kwenye kibati haimo kwenye orodha, na akitaka kubisha, aanze kueleza nani aliifunika ile ya kwenye fremu. Alitoka akatueleza sisi wa karakana. Siku tatu alitukana nyundo, akatutukana sisi, akamsema bosi kwa mgongo. Mtu pekee aliyestahili kuambiwa hakumwambia. Nasi tukakaa kimya, tukajifanya hayatuhusu.

Alhamisi asubuhi trela ilipakiwa saruji, ikawa inangoja geti lifunguliwe. Cheche aliingia stoo akabeba grenda ya kukatia chuma bila kutia sahihi, akaenda kupiga magoti ubavuni mwa fremu. Bati likadondoka. Bosi akatoka ofisini mbio, akamwambia kazi basi. Cheche hakugeuka, alipangusa vumbi kwa kiganja hadi namba ikasomeka.

Mkwewe alishuka kwenye lori, akaenda kuilinganisha na orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi, tarakimu moja moja. Alirudi polepole.

"Baba, hii barua imekuja lini?"

"Jumatatu."

"Juzi mwanao na mjukuu wako walikuwa humu garini. Tumeshuka nao mlima wote."

Mkwewe akapanda juu, akateremka na mfuko wake wa nguo, akamwachia bosi funguo miguuni. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tumesimama pale, akauliza nani mwingine alijua.

Tuliinua mikono watu wanne.