Fundi Asiyekula cha Kupikiwa

Fundi wa kompyuta wa chuo chetu hali cha kupikiwa. Programu iliyokwishatengenezwa, ya kubonyeza mara moja ikafanya kazi, yeye huiita makombo. Lazima atafute chanzo, yaani yale maandishi yenyewe ya programu, pamoja na faili la maelekezo ya kuiunda, kisha aijenge upya kwa mikono yake. Mikono yenyewe ni laini kama ya bwana harusi, na kidole cha shahada hakibanduki kwenye kitufe cha kushuka chini. Anasoma huku akisonya, na kila ukurasa una msonyo wake.

Siku printa ilipogoma, vyeti mia mbili vilikuwa vinasubiri kuchapishwa na mahafali ni kesho yake. "Kaka, weka tu ile programu ya printa iliyo tayari," katibu muhtasi alimbembeleza. "Dada, kitu usichojua chanzo chake kitakuumbua," akajibu, akazama mtandaoni hadi saa tisa alasiri. Chanzo akakipata, ila faili la kuunda likakwama mstari wa arobaini. Hapo akamwaga matusi: nani huyu bwege, nani alimpa kompyuta badala ya jembe. "Hebu nisomee jina lake hapo juu, nimwandikie." Katibu akainama, akasoma. "Ni wewe, kaka. Miaka sita iliyopita. Umeandika hapa kwamba utamalizia kesho." Fundi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa shati. "Huyo," akasema, "alikuwa na kazi nyingi sana."